Kisu cha Kuazima

Usui Tadakiyo, mkulima wa mwani katika ghuba ya Ariake,
hakunizaa.
Alinichukua nikiwa na miaka sita, begi moja na kikohozi,
akaniandika katika daftari la ukoo wake
kwa kalamu iliyokuwa inavuja.
Doa la wino lipo hadi leo kando ya jina langu, Chizuru.

Jirani yetu Kuroiwa alisema damu ni nzito kuliko maji.
Baba akasema: huyo hajainua wavu wa mwani peke yake
mwezi wa Januari, saa tisa usiku.
Angejua uzito wa maji.

Nikakua, nikasoma, nikaajiriwa maabara huko Fukuoka
kuchungulia vinyesi vya watu. Ndiyo, vinyesi.
Mwaka wa pili nikamwomba chake.
Alikituma kwa posta, kimefungwa kwa heshima zote
ndani ya kopo la chai,
na kikaratasi: Usimwonyeshe mtu.

Nimewaonyesha wote.

Maana humo, gizani, kusiko na jua wala kalenda,
vinaishi vijidudu ambavyo mababu zao hawakuijua bahari,
na kila kimoja kimeshika kisu
cha kukatia ukuta wa mwani.
Kisu hicho kilifuliwa baharini,
na vijidudu vya ukoo mwingine kabisa
vilivyopanda mwani mbichi, vikamezwa,
vikapita tumboni kama wageni wa siku moja.
Katika kupita, kimoja kikanyoosha mkono.
Pasi na harusi, pasi na mahari, mtoto hakuzaliwa;
uzi mwembamba tu wa maandishi
ukavuka kutoka kwa mpitaji kwenda kwa mkaaji:
shika, utauhitaji.

Lini? Hatujui. Labda mlaji mmoja, karne za nyuma,
aliyelamba vidole vyake akaenda kulala.

Nilifundishwa kwamba urithi hushuka kama mvua,
mzazi kwa mwana, mtoto wa nyoka ni nyoka.
Huu ulipita ubavuni,
kama chumvi inayopokezanwa juu ya ua.
Nguo ya kuazima haisitiri matako, wahenga walionya;
wahenga hawakuwa na hadubini.
Hii imesitiri. Vitukuu wanaivaa
wala hawaulizi ilishonwa na nani.

Nilimpigia simu kumweleza. Kimya kirefu.
Kisha: "Kwa hiyo tumbo langu nalo limeasili?"
"Limeasili, baba."
Akacheka mpaka akakohoa,
kikohozi kama changu kile cha zamani,
ingawa hakiwezi kuwa cha ukoo.

Sitaki kuipamba habari hii.
Novemba alipasuliwa nyonga, hospitali ya Saga,
kitanda cha karibu na dirisha.
Kidonda kikatunga usaha.
Dawa ya kwanza ikashindwa, na ya pili, na ile
ambayo daktari huitaja kwa sauti ya chini.
Niliomba sahani ya maabara niitazame mwenyewe:
kijidudu cha kawaida, cha kila ngozi,
ila kimevaa ngao.
Nani alikivika? Jirani yake, wa kabila jingine,
ndani ya bomba la sinki pengine,
au tumboni mwa mgonjwa aliyeruhusiwa wiki iliyopita.
Mkono uleule. Uzi uleule.
Shika, utauhitaji.

Nilitafuta ubaya ndani ya mkono ule
usiku kucha, kwa lenzi ya mara elfu.
Sikuuona. Wema nao sikuuona.

Akafariki Jumanne.

Januari hii nimechukua likizo.
Saa tisa usiku, kamba imenasa kwenye rafadha,
vidole vyangu vimekufa ganzi,
na mashua ya Kuroiwa inasogea ubavuni mwa yangu,
taa yake ikiyumba.
Hasemi neno. Ananinyooshea kisu, mpini mbele.

Kina kutu. Kinakata.